Njia ya Nne ya Mashine Ilivyompeleka Mwanangu Mahabusu

Pingu zilifungwa kwenye mikono ya mwanangu saa mbili na robo asubuhi, barabarani, watu wanatazama…

Na aliyekuwa anamwonyesha askari kwa kidole ni Marselino!

Marselino huyo huyo. Mwenyekiti wa jumuiya yetu. Mtu aliyebeba msalaba mbele ya jeneza la mume wangu.

"Ni huyu, afande. Nilimkataza, akafanya kwa makusudi."

"Baba Paskalia!" nilipiga kelele. "Unasema nini wewe?"

Hakunitazama.

Mgongoni nilikuwa nimembeba mjukuu wangu Esta, miezi mitano, anayenyonya. Mama yake anapandishwa kwenye Landrova ya polisi, maziwa yameshalowesha blauzi, kwa sababu ulikuwa muda wa kunyonyesha.

Mtoto akaanza kulia. Mwanangu Apolonia akageuka, akamwangalia mtoto. Kisha akaniangalia mimi.

Lile jicho, ndugu zangu… Wakati ule nilidhani ni jicho la mtu anayeomba msaada.

Someni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Mimi ni mjane. Elimu yangu ni darasa la saba. Mume wangu Masele alifukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita mwaka tisini na moja, akaniachia binti mmoja na rozari yake ya mbao. Nikahama Didia, nikaja Shinyanga mjini, nikapata kazi ya usafi kwenye karakana ya mzee Dilip.

Mzee Dilip alikuwa anatengeneza mihuri, vibao vya milangoni na vikombe vya mashindano. Mwaka tisini na saba akaleta mashine kutoka ng'ambo, imetumika lakini nzima. Inachora kwa mwanga. Mwanga wenyewe huuoni! Unaona moshi tu, na herufi zinajitokeza kwenye mbao kama zimeandikwa na kidole cha malaika.

Siku ya kwanza nilipiga ishara ya msalaba. Mzee Dilip alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Apolonia, hiyo ni umeme tu!"

"Sawa mzee. Na umeme nao una mwenyewe," nilimjibu.

Ndani yake kulikuwa na vioo vitatu vya kurusha ule mwanga. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi la nje, kufagia, kufungua asubuhi na kufunga jioni. Funguo nilikuwa nazo mimi. Mzee alisema mimi nina macho. Na kweli ninayo. Kitu kikihama mahali pake, mimi ndiye wa kwanza kujua.

Mafundi walikuwa wawili. Marselino, fundi wa siku nyingi na mtu wa Didia kama sisi, na binti yangu Apolonia, aliyesomea umeme chuo cha ufundi. Mumewe Apolonia, Edson, alikuwa huko huko machimboni Geita, anarudi akirudi.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, zile mvua za El Nino zikiwa zimekata barabara kila mahali, mnunuzi mmoja wa dhahabu wa Geita, anaitwa Maganga, akaleta oda. Anamwoza binti yake. Anataka bilauri mia moja na ishirini za kioo, kila moja imechorwa majina ya maharusi kuzunguka bilauri nzima.

Gari la kuzichukua linakuja Jumamosi jioni.

Tatizo ni kwamba mashine ile ilikuwa inachora vitu bapa tu. Bilauri ni duara. Mzee Dilip akaagiza kizungushio, kidude chenye mota na meno matatu ya kushika bilauri na kuigeuza polepole huku mwanga unachora. Kikaja na basi kutoka Dar, kimefungwa kwenye gunia, hakina hata karatasi ya maelezo.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nilikuwa nafagia pale pale, nilisikia kila neno.

Nyuma ya lile boksi la umeme la mashine, tuseme ubongo wake, kulikuwa na matundu manne ya kuchomeka waya za mota. La kwanza linapeleka kichwa cha mashine kulia na kushoto. La pili, mbele na nyuma. La tatu linapandisha na kushusha meza. La nne lilikuwa tupu, limezibwa na kiplastiki. Mafundi waliyaita njia.

"Chomoa hii njia ya pili," Marselino akasema. "Chomeka kizungushio hapo. Kitabu ndivyo kinavyosema."

"Kitabu ni cha mashine zenye njia tatu, Baba Paskalia," Apolonia akamjibu. "Yetu ina nne. Hii ya nne imelala tangu ilipotoka kwao."

"Kwa hiyo kitabu ni kijinga, mwerevu ni wewe?"

"Sijasema hivyo. Nasema tukiwa kila siku tunachomoa na kuchomeka, siku moja tutaunguza. Tuifunge njia ya nne, ikae hapo hapo."

"Mtoto wa juzi wewe! Unanyonyesha, nenda kanyonyeshe!"

Mzee Dilip alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Marselino, mwache ajaribu."

Nikaona uso wa Marselino unavyobadilika. Nikauweka moyoni.

Apolonia akapiga magoti nyuma ya mashine. Kizungushio kilikuwa na waya nne. Akazipima kwa mita, mbili mbili.

"Mayu, njoo uone," akaniita. Kwetu Usukumani mayu ni mama. "Hizi mbili ni ndugu. Na hizi mbili ni ndugu. Ukichanganya ndugu wa huku na wa kule, mota haizunguki. Inatetemeka tu kama mtu mwenye malaria."

Akaziunga kwenye plagi, akachomeka njia ya nne, akakaza viskrubu viwili vya pembeni kwa bisibisi ndogo. Kisha akakaa kwenye kompyuta, akaielekeza kwamba usipeleke tena mbele na nyuma, sasa zungusha njia ya nne.

Bilauri ya kwanza… ikazunguka!

Lakini herufi zilitoka zimebanana kama abiria wa gari la mnada wa Alhamisi. Marselino akacheka kwa nguvu.

"Haya, bibi harusi kanywea!"

"Kompyuta haijui bilauri ina unene gani," Apolonia akasema, hakasiriki. "Mayu, una uzi?"

Nilikuwa nao, nilikuwa nimeshonea gunia la kufutia miguu. Akauzungusha kwenye bilauri mara moja, akaukata, akaupima kwenye rula. Akaandika namba kwenye kompyuta.

Bilauri ya pili ikatoka imenyooka. Majina yamezunguka yakakutana mahali pamoja, huwezi hata kuona yalipoanzia.

Mzee Dilip alipiga makofi! Akaagiza kachori za wote. Marselino hakula.

Mpaka jioni zilikuwa zimetoka thelathini.

Saa kumi na moja Apolonia akakimbia kwa jirani kumnyonyesha Esta. Akaniambia anamalizia kesho, bilauri ya mwisho ikiisha nizime pale kwenye swichi ya ukutani. Mzee Dilip alikuwa amekwenda benki. Marselino akaondoka, kisha akarudi ndani peke yake, akasema amesahau kofia. Akakaa kama dakika mbili hivi, akatoka na kofia yake.

Wingu likawa jeusi, radi zikaanza. Nikafunga duka, nikakimbia nyumbani.

Alhamisi asubuhi, Apolonia akawasha mashine…

Kizungushio hakikuzunguka.

Kilitetemeka tu. Drrr… drrr… drrr…

Kama mtu mwenye malaria.

Marselino akafungua lile boksi. Harufu ikatoka, harufu ya plastiki iliyoungua. Kadi ya njia ya nne, kile kibao cha umeme kinachoendesha mota yake, ilikuwa na doa jeusi katikati.

"Nilisema! Amechanganya waya! Na si bahati mbaya, mzee. Kuna duka la Mwanza limemwandikia barua, linamtaka. Ameharibu ili kazi ikushinde, yeye aende zake Mwanza na sifa."

"Una barua ya Mwanza?" mzee Dilip akamwuliza Apolonia.

"Ninayo. Lakini sijaijibu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Apolonia akanyamaza. Alikuwa ameinama nyuma ya mashine, anatazama ile plagi. Anaitazama tu. Akainuka.

Nikamwambia, "Sema kitu, mwanangu! Jitetee!"

Akajipangusa magoti, akasimama kando ya mashine.

Basi hapo ndipo Landrova ilipokuja. Mzee Dilip alikuwa amewaka hasira, oda kubwa ya mwaka inamponyoka. Wakaandika kuharibu mali kwa makusudi. Wakasema Jumatatu anakwenda mahakamani, na kutoka hapo ni mahabusu ya gereza mpaka kesi isikilizwe.

Jumatatu!! Na mtoto wa miezi mitano!

Nilijaribu uji mwepesi, Esta akautema. Nilijaribu maziwa ya kopo kwa kijiko, akatapika yote. Anataka titi la mama yake tu.

Nikamfunga mgongoni, nikaenda kituoni.

Kaunta alikuwepo askari wa kike, afande Juliana, mtu wa Chato. Nikamwamkia ingawa ni mdogo kwangu.

"Afande, naomba mtoto anyonye."

Alimtazama Esta, akanitazama mimi.

"Mama, sheria ni sheria. Lakini mtoto hana kesi. Leta, dakika kumi."

Apolonia akatolewa nje ya mlango wa mahabusu, akakaa kwenye benchi. Mtoto alinyonya kama mtu aliyeokolewa jangwani.

Mwanangu hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Mayu. Jumatano wewe ndiye uliyefunga?"

"Mimi."

"Kulikuwa na mtu mwingine?"

"Marselino! Alirudi peke yake, eti kofia! Mwanangu, ni yeye. Nilimwona uso wake asubuhi ile. Ni wivu!"

Akanitazama kwa muda mrefu sana.

"Sawa, mayu," akasema. Akamhamishia mtoto titi la pili.

Mimi nikamgeukia afande Juliana pale pale, nikamwambia yote. Kofia. Dakika mbili. Kachori alizokataa. Jinsi alivyodhalilishwa mbele ya bosi. Nikasema naapa mbele ya Mungu ni yeye.

Niliapa, ndugu zangu. Kwa mdomo huu.

Ijumaa asubuhi wakamchukua Marselino naye.

Mkewe akaja mlangoni kwangu, kanga kiunoni, watoto nyuma yake.

"Toka nje, mtakatifu wewe! Umemfunga mume wangu?"

"Mama Paskalia, mumeo ndiye aliyeanza."

"Mume wangu ana mdomo, sikatai! Ana wivu, sikatai! Jana nimemgombeza mimi mwenyewe kwa uongo wake wa kusema alimkataza binti yako. Lakini ile mashine anaipenda kuliko ninavyopendwa mimi! Aiunguze yeye?"

"Mungu ndiye anayejua."

"Basi na akujibu!" akasema, akatema mate chini.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Kuna mmoja alisema kwa sauti, "Jumuiya ya mwaka huu tutasalia polisi." Wakacheka.

Mimi nilikaza shingo. Nilijiona niko upande wa haki.

Ijumaa hiyo, saa kumi jioni, nikampeleka Esta kunyonya, mara ya tatu tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Bugarama, mbingu imekuwa kama sufuria iliyoungua chini. Apolonia amekaa kwenye benchi na mtoto. Marselino yuko nyuma ya nondo, namsikia anakohoa.

Juu ya kaunta kulikuwa na redio ya mbao, ya umeme, inapiga muziki wa salamu.

Radi ikapasua!

Nyie mliokulia Kanda ya Ziwa mnajua. Hakuna mtu wa kwetu anayekaa tu radi ikipiga. Unafunika vioo kwa kanga, unavua nguo nyekundu, unang'oa waya wa redio. Tumefundishwa na mama zetu, na mama zetu walifundishwa na mama zao. Mkono unakwenda wenyewe kabla hujafikiri.

Afande Juliana alikuwa ameshachukua kitenge, anafunika kioo cha ukutani. Na mimi mkono wangu ulikuwa umeshafika nyuma ya ile redio. Nikakamata waya…

"Wewe mama, acha!!" afande akapiga kelele. "Usiing'oe ikiwa inawaka! Fundi ametukataza, ya kwanza iliungua hivyo hivyo! Zima kwanza, ndipo uchomoe!"

Zima kwanza.

Ndipo uchomoe.

Nilisimama pale na mkono hewani. Mvua ikaanza kupiga bati, lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia radi ya Jumatano.

Jumatano jioni mashine ilikuwa inazunguka bado, bilauri ya mwisho haijaisha. Radi ilipopiga nilitupa fagio. Nikavua kanga yangu, nikafunika vioo vya mashine. Kisha nikaenda nyuma, kwa sababu ule waya wa kizungushio ulikuwa mpya, unaning'inia, niliuona kama waya wa erio, yaani antena ya redio. Nikalegeza vile viskrubu viwili kwa kucha. Nikachomoa plagi.

Ikiwa inazunguka.

Kulikuwa na cheche ndogo ya bluu. Nilidhani ni radi! Nikasema "Yesu na Maria", ndipo nikazima ukutani, nikakimbia. Alhamisi nilipofungua asubuhi niliirudisha plagi mahali pake kama ninavyorudisha waya wa redio nyumbani kila mvua ikiisha. Sikufikiri hata kidogo. Ni kama mtu akuulize jana ulifunga mlango kwa mkono gani.

Siku mbili natafuta aliyeua mashine. Nimehesabu dakika za mwenzangu, nimehesabu mpaka kachori ambazo hakula.

Mikono yangu mwenyewe sikuihesabu.

Nikageuka taratibu. Apolonia alikuwa ananiangalia. Mtoto alikuwa amelala kifuani.

Mdomo wangu ulifunguka… afande akasema, "Muda umekwisha, mama. Mlete mtoto."

Nikamchukua mtoto, nikaondoka kwenye mvua.

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu kuandika, lakini nitaandika.

Sikusema siku ile. Nilifika nyumbani, nikashika rozari ya Masele, nikaanza kumweleza Mungu sababu. Nikasema, Mungu wangu, nikisema nitafungwa mimi, na mtoto nani atampeleka kunyonya? Nikasema, labda Jumatatu hakimu atawaachia wote wawili. Nikasema, Marselino kweli alidanganya, acha akae kidogo huko na shetani wake. Niliongea sana. Mungu hakunijibu hata neno moja.

Jumamosi saa moja asubuhi nikaenda nyumbani kwa mzee Dilip. Mkewe, mama Savita, alikuwa anawasha ubani mbele ya picha zao za ibada. Mzee yuko mezani, hajanyoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea binti yako, rudi."

"Sikuja kumwombea mtu. Aliyeunguza ni mimi."

Akaweka kijiko chini.

Nikamweleza. Radi, kanga, viskrubu, plagi. Kila kitu kwa mpangilio wake. Sikupiga magoti, niliogopa nikipiga magoti nitaanza kulia nisimalize.

"Uling'oa inazunguka?"

"Inazunguka."

"Ukarudisha asubuhi?"

"Nikarudisha."

"Kwa sababu ya radi?!"

"Ndiyo mzee."

Alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi.

"Miaka sita nakupa funguo zangu! Miaka sita!"

"Ndiyo mzee. Nipeleke mimi polisi. Naomba kitu kimoja tu, mwanangu atoke kabla mtoto hajasikia njaa ya saa nne."

Mama Savita akasema kitu kwa Kigujarati, kwa ukali. Mzee akamjibu. Mama Savita akasema tena, na safari hii akamwonyesha Esta aliyekuwa mgongoni kwangu anavuta shungi la kanga.

Mzee Dilip akachukua funguo za gari.

Kituoni aliongea na mkuu, akasema amekosea, hana malalamiko tena na mtu yeyote. Nikataka kuandika maelezo yangu. Mkuu wa kituo akanitazama juu mpaka chini.

"Mama, kuogopa radi si kosa la jinai. Ila yule uliyeapa juu yake, utamalizana naye wewe na Mungu wako."

Marselino alitolewa kwanza. Alipita karibu yangu ananuka mahabusu. Nikamwambia, "Baba Paskalia, nisamehe. Ni mimi." Alisimama. Akapita.

Kisha akatoka Apolonia. Nikampa mtoto, naye akaketi pale pale kwenye ngazi, akanyonyesha.

Mzee Dilip alikuwa anaangalia saa.

"Kadi ya njia ya nne imekufa. Mpaka nyingine ije kutoka ng'ambo ni miezi miwili. Kwisha."

Apolonia hakuinua kichwa.

"Kadi zote nne ni za aina moja, mzee. Ng'oa ile ya njia ya tatu, ya kupandisha meza, iweke kwenye ya nne. Meza tutaipandisha kwa vipande vya mbao."

Aliyejibu ni Marselino, amesimama kando na viatu vyake mkononi.

"Itakubali," akasema. "Ila zima ukutani kwanza."

Wakaenda wote wawili. Saa nne na nusu kizungushio kilikuwa kinazunguka. Marselino anaweka bilauri, Apolonia yuko kwenye kompyuta, mimi nafuta na kufunga kwenye magazeti. Hakuna aliyeongea na mwenzake zaidi ya "lete" na "bado". Gari la Maganga lilikuja saa kumi na mbili, likasubiri kidogo, likaondoka na bilauri mia moja na ishirini.

Mzee Dilip akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Hakunitukana, hata kidogo. Aliziweka mfukoni tu, akasema, "Nenda salama, Mama Apolonia." Ndiyo ikawa mwisho wa kazi yangu.

Nikamkuta Apolonia nyuma ya karakana, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto kifuani.

"Mwanangu, nisamehe. Sikujua kama ni mimi. Naapa sikujua mpaka jana, ile radi ilipopiga."

Aliinua uso haraka.

"Hukujua?"

"Sikujua!"

"Mayu… mimi nilijua Alhamisi asubuhi. Nilipoinama nyuma ya mashine. Viskrubu nilivikaza mimi kwa bisibisi, nikavikuta vimelegea. Na kanga yako ilikuwa imeangukia pale chini, ile ya njano."

"Mungu wangu! Ulijua? Sasa kwa nini hukusema?"

Machozi yake, ambayo sikuyaona polisi, sikuyaona alipofungwa pingu, yakaanza kushuka sasa.

"Kwa sababu nilidhani unajua. Nilikuuliza pale kwenye benchi, ukamtaja Marselino. Ukaapa kabisa. Nikasema, basi, mama yangu ameogopa. Ameamua niende mimi."

Nikakaa chini mbele yake.

"Siku tatu, mayu. Kila ulipoleta mtoto nilikuwa nakutazama, nasema labda leo atasema. Unamchukua mtoto, unaondoka."

"Na ungeniacha? Ungekwenda gerezani na mtoto ananyonya?"

"Ningewaambiaje polisi? Wewe ni mama yangu."

Ndugu zangu… mwanzoni mwa habari hii niliwaambia aliyemsaliti mwanangu ni Marselino. Ndivyo nilivyoona mimi. Lakini kwenye macho ya Apolonia, kwa siku tatu nzima, aliyemwuza nilikuwa mimi, na bado alikaa kimya ili nisiguswe.

Na ile Ijumaa, baada ya kujua, mpaka Jumamosi asubuhi? Hapo hakuwa amekosea. Hapo kweli nilikuwa nimemwuza. Nilimwambia hilo pia, pale pale juu ya ndoo. Alilia zaidi, kisha akanishika mkono.

Marselino nilimwomba radhi mbele ya jumuiya nzima, nimesimama. Alisema amenisamehe. Naye akasema alidanganya kuhusu kumkataza Apolonia, akakaa chini. Tulisali pamoja miaka mingi baadaye, lakini chai ya kwangu hakunywa tena.

Apolonia alijibu ile barua ya Mwanza mwezi uliofuata. Alikwenda na mtoto. Sikumzuia.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki, hasa nyie wenye macho makali kama mimi, mnaoona kila mtu alivyokunja uso na nani kakataa kachori. Kabla hujamwapia mwenzako mbele ya Mungu, kaa chini ujiulize wewe mwenyewe siku ile ulishika nini. Na mtu wako akikuangalia sana bila kusema, usijifanye umeelewa. Mwulize, "Unafikiri nini juu yangu?"

Mimi ningemwuliza lile swali Alhamisi pale kwenye benchi, mwanangu angelala kwake usiku ule.